Mguu Unaokuja: Jinsi Nilivyobadilisha Namna ya Kufanya Mazoezi ya Judo

Kwa miaka miwili ya mwanzo ya kujifunza judo nilikuwa na desturi moja niliyoiamini kuliko nyingine zote. Kila siku ya mazoezi, baada ya kupasha mwili moto, niliingia mbinu ileile mara 100. Mwenzangu alisimama wima mbele yangu huku mikono yake imelegea. Nilimshika ukosi na mkono wa vazi, nikamvuta, nikapiga hatua, nikaupeleka wayo wangu kwenye kifundo cha mguu wake, kisha nikarudi nilipoanzia na kuhesabu tena. Mbinu hiyo inaitwa de ashi barai, yaani kuufagia mguu wa mpinzani unaokuja mbele. Baada ya maelfu ya marudio umbo langu lilikuwa safi kiasi kwamba wanafunzi wapya waliambiwa waniangalie. Lakini katika randori, yale mapambano huru ya mazoezi ambamo kila mmoja anajaribu kwa dhati kumtupa mwenzake, sikuwahi kumwangusha mtu yeyote kwa mbinu hiyo.

Nilidhani tatizo ni uchache wa marudio, nikayaongeza yakawa 200. Hakuna kilichobadilika. Siku moja mmoja wa wakongwe wa mkekani, ambaye kwa kawaida alifanya mazoezi yake kimya, alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Huo mguu unaoufagia umebeba uzito, au haujabeba?" Nikamjibu kwamba mwenzangu amesimama, kwa hiyo umebeba nusu ya uzito wake. "Basi," akasema, "huo siyo mguu utakaoukuta kwenye randori." Nimeandika makala haya kwa sababu ya swali hilo. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya jasho linalomwagika katika kumbi za karate, judo, ndondi na taekwondo linamwagika katika kuyafanyia mazoezi maumbo ya mbinu, huku kile kinachoamua kama mbinu itafanya kazi kikiwa kimeachwa nje ya zoezi.

Katika de ashi barai kinachoamua ni wakati. Mguu uliokwisha kubeba uzito wote wa mtu umesimama kama nguzo, na ukiupiga utaumia wewe. Mguu ulio hewani kabisa nao hausaidii, kwa sababu mwenyewe ataushusha mahali pengine tu na kuendelea kusimama juu ya ule mwingine. Nafasi ipo katikati ya hali hizo mbili, pale ambapo mpinzani ameshaukabidhi mguu uzito wake lakini uzito huo haujatua. Nafasi hiyo ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Mwanadamu akiona ishara iliyo rahisi kabisa huhitaji takriban sehemu moja ya tano ya sekunde ili aanze kuitikia, na baada ya hapo mguu bado una safari ya kwenda. Kwa hiyo anayesubiri auone wayo ukitua amekwisha kuchelewa. Inampasa aanze mapema, kwa kusoma dalili zinazotangulia: nyonga inayohama, mkono wa vazi unaokazika ghafla, kifua kinachoegemea ngumi iliyoshika ukosi. Mtu aliyesimama wima akisubiri kufagiwa hana hata dalili moja kati ya hizo. Maelfu ya marudio yangu yalinifundisha mwendo mzuri wa mguu, lakini hayakunifundisha lolote kuhusu lini niutumie.

Jambo hili si geni hata kidogo. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo, akiwa kijana aliyekuwa amesoma mitindo ya zamani ya jujutsu, uamuzi wake mkubwa ulihusu namna ya kufanya mazoezi. Alichagua zile mbinu za kutupa, za kubana chini, za kukaba na za kukunja kiungo ambazo watu wawili wanaweza kuzijaribu kwa nguvu zote bila kuvunjana, akazifanya kuwa msingi wa randori, na yale mapigo ya hatari akayahifadhi ndani ya kata, yaani mifuatano ya miendo iliyopangwa mapema. Mtu anaweza kudhani kwamba sanaa iliyotolewa mapigo yake makali imedhoofishwa. Ninaona kinyume chake. Mbinu ya kuua ambayo haijawahi kujaribiwa dhidi ya mtu anayekataa ni dhana tu, ilhali mfagio wa mguu uliojaribiwa mara elfu dhidi ya watu wasiotaka kuanguka ni ujuzi. Ninastaajabu kwamba sisi tuliorithi randori tumeifanya kuwa kipande cha mwisho cha kipindi, dakika kumi za kutokwa jasho, na saa nzima iliyotangulia tumeijaza wenzetu waliosimama kama milingoti.

Ushahidi ulionishawishi zaidi ulitoka nje kabisa ya kumbi za mapigano. Katika miaka ya 1920 mtafiti wa Kirusi Nikolai Bernstein alipima miendo ya wafanyakazi stadi waliokuwa wakigonga patasi kwa nyundo. Mtu angetarajia kwamba fundi aliyegonga mamilioni ya mara mkono wake ungekuwa ukipita njia ileile kila pigo. Haikuwa hivyo. Kichwa cha nyundo kilifika mahali palepale, lakini bega, kiwiko na kiganja vilibadilisha njia zao kutoka pigo moja hadi jingine, kila kiungo kikisahihisha kosa la mwenzake. Bernstein alilieleza zoezi la kweli kuwa ni kurudia bila kurudia: mtu harudii jibu alilokwisha kulipata, bali anarudia kazi ya kulitafuta. Niliposoma habari hiyo nilielewa kwa nini umbo langu safi halikunifaa. Nilikuwa nimejifunza njia moja ya kufika, na mpinzani hakuwahi kusimama mwisho wa njia hiyo.

Basi tukabadilisha zoezi, mimi na mwenzangu mmoja aliyekubali kujaribu. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo penye faida.

Tulianza kwa kutembea. Tulishikana kama kawaida, naye akatembea apendavyo: mbele, nyuma, pembeni, hatua ndefu kisha fupi, haraka kisha taratibu, bila kufuata mpangilio. Kazi yangu haikuwa kumwangusha. Ilikuwa kuugusa mguu wake kwa wayo, kwa wepesi, katika ule wakati ambao uzito unahamia humo. Alikuwa ndiye mwamuzi, kwa sababu anayefagiwa ndiye anayejua vizuri zaidi: nikimgusa mapema alisema "mapema", nikichelewa alisema "umechelewa", nikipatia mwili wake ulitikisika wenyewe bila yeye kusema neno. Siku ya kwanza nilipatia mara chache sana. Ilikuwa aibu kwa mtu aliyekuwa mfano kwa wanafunzi wapya, lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa nikipokea taarifa za kweli kuhusu mbinu yangu.

Baada ya wiki kadhaa tukaongeza ugumu, kidogo kwa wakati. Kwanza aliruhusiwa kuuondoa mguu akihisi ninakuja. Kisha aliruhusiwa kujibu kwa tsubame gaeshi, ambayo ni kuuacha mguu wa mfagiaji upite chini na kuufagia wenyewe. Hapo nililazimika kujifunza kutoenda kizembe, kwa maana kila jaribio baya lilikuwa na malipo yake. Kisha tukaondoa ule mshiko wa kupeana, tukaanza tukiwa mbali, kila mmoja akigombea ukosi na mkono wa vazi la mwenzake. Mwishowe aliruhusiwa kunishambulia kwa mbinu yoyote, huku mimi nikiruhusiwa mbinu mbili tu. Kila hatua tuliikalia hadi nikawa ninafanikiwa takriban nusu ya majaribio yangu. Nikifanikiwa karibu kila mara, niliona zoezi limekuwa rahisi mno. Nikishindwa karibu kila mara, sikuwa nikijifunza kitu zaidi ya kukata tamaa. Kipimo hicho cha nusu sikukipata kitabuni, ni kanuni yangu tu, lakini kimenitumikia vizuri.

Namna hii inawafaa pia wanaopiga ngumi na mateke. Mtu anayepiga padi zilizoshikwa mahali pamoja, kwa mfululizo uliotangazwa, anajenga pumzi na mkono wake, na hilo ni jema, ila umbali na wakati amechaguliwa na mshika padi. Ukitaka ajifunze kuchagua mwenyewe, mpe mchezo mdogo: mmoja arushe ngumi ya mbele peke yake, mwingine aruhusiwe kurudi nyuma na kujibu kwa ngumi moja tu, kisha wabadilishane. Dakika mbili za mchezo huo zina maamuzi mengi kuliko raundi nzima ya kupiga begi la mazoezi. Mshika padi naye anaweza kubadilika: ahame, azifiche padi na kuzifunua ghafla, arudishe pigo kichwa kikisahaulika bila ulinzi.

Jambo la pili lililobadilika ni mpangilio wa mbinu ndani ya kipindi. Zamani nilifanya de ashi barai hadi niridhike, kisha osoto gari hadi niridhike, kisha ouchi gari, ambazo nazo ni mbinu za kuuondoa mguu wa mpinzani. Sasa ninazichanganya, kila jaribio likifuatwa na jingine la aina tofauti, kulingana na anachofanya mwenzangu. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walichapisha jaribio ambalo tangu hapo limerudiwa kwa sura nyingi: watu walijifunza miendo mitatu ya mkono ya kuangusha vizuizi vidogo vya mbao kwa mfuatano maalumu, kundi moja likimaliza mwendo mmoja kabla ya kwenda kwa mwingine, kundi la pili likichanganyiwa yote mitatu. Wakati wa mazoezi waliochanganyiwa walikuwa wazito zaidi. Walipopimwa baadaye, hata baada ya siku 10, hao waliokuwa wazito ndio waliokuwa wameshika zaidi. Mwaka uliotangulia, Robert Kerr na Bernard Booth walikuwa wameonyesha jambo linalofanana na hilo kwa watoto wa miaka minane waliorusha vifuko vidogo kwenye shabaha: waliofanya mazoezi kwa umbali wa futi 2 na futi 4 walilenga vizuri zaidi kwa futi 3 kuliko wale waliofanya mazoezi kwa futi 3 zenyewe.

Ugumu wa mpangilio huu ni kwamba unauma. Ukirudia mbinu moja mara hamsini mfululizo, unajihisi ukiimarika kila dakika, mwili unapata mdundo, na unaondoka ukumbini umeridhika. Ukizichanganya, kila jaribio linaonekana kama la mtu anayeanza. Hisia zetu za ndani ya kipindi ni shahidi wa uongo. Jaribio la Alan Baddeley na D. J. A. Longman la mwaka 1978, lililohusu wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakijifunza kuchapa, linaonyesha hivyo vizuri: waliojifunza saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache zaidi kuliko waliojifunza saa nne kwa siku, lakini hao waliofaidika ndio waliokuwa na malalamiko zaidi juu ya ratiba yao, kwa kuwa kwa hesabu ya siku walijiona wanabaki nyuma. Ninawaelewa kabisa. Mimi pia nilitaka kurudi kwenye marudio yangu 200 wiki ya tatu, kwa sababu tu nilikumbuka jinsi nilivyojisikia vizuri.

Ndiyo maana nilianza kuandika. Nina daftari dogo, na ndani yake siandiki nilifanya nini leo, bali kilichobaki kutoka juzi. Mwanzoni mwa kila kipindi, kabla ya kufundishwa chochote na kabla ya kujaribu chochote, ninaomba dakika tatu za randori na mtu ambaye hajui ninafanyia kazi nini. Ninahesabu ni mara ngapi nafasi ya mfagio ilitokea nikaiona, ni mara ngapi niliiona nikachelewa, na ni mara ngapi nilifanikiwa. Namba hizo tatu ndizo ninazoziamini. Mara nyingi kipindi kilichoonekana kizuri sana siku yake hakikuacha kitu, na kipindi kilichonifanya nirudi nyumbani nimenuna kiliacha kingi.

Kuna suala la maneno pia, ambalo ninatamani walimu wengi zaidi walipe uzito. Nilipoambiwa "kunja goti, geuza nyonga, nyosha kifundo", nilikuwa nikiuangalia mwili wangu kutoka ndani, nikawa mgumu kama gogo. Mwalimu mwingine aliniambia, "Usukume wayo wake utelezee kwenye kona ile ya mkeka," na goti, nyonga na kifundo vikajipanga vyenyewe. Gabriele Wulf amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika jaribio lake na wenzake la mwaka 1998, watu waliojifunza kwenye mashine inayoiga mwendo wa kuteleza thelujini walifanya vizuri zaidi walipoelekeza mawazo yao kwenye magurudumu ya jukwaa lililokuwa chini yao kuliko walipoyaelekeza kwenye miguu yao wenyewe. Tangu nilipolijua hilo, ninapomsaidia mwanafunzi mpya ninajaribu kutaja kitu kilicho nje ya mwili wake: mkanda wa mpinzani, ukosi wake, mahali atakapoangukia.

Nisieleweke vibaya kuhusu marudio ya kawaida. Kuna mahali pake, na mahali pa kwanza ni ukemi, yaani namna ya kuanguka. Hakuna mtu anayepaswa kutupwa na mpinzani anayetembea kabla hajaweza kuupiga mkeka kwa mkono na kuingiza kidevu kifuani bila kufikiri. Anayeanza anahitaji pia picha ya jumla ya mbinu, na hapo mwenzake akisimama wima kwa majaribio kumi au ishirini anamsaidia. Kosa langu lilikuwa kubaki hapo miaka miwili.

Wala upinzani wa kweli haumaanishi kuumizana. Wapiganaji wa Muay Thai nchini Thailand, ambao hupanda ulingoni mara nyingi, wanajulikana kwa sparingi, yaani mapambano ya mazoezi, ya wepesi, karibu na mchezo, yenye maamuzi mengi na nguvu kidogo. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimewaona vijana hodari wakiacha kabisa mazoezi baada ya kupigwa kichwani kila wiki na wenzao wa ukumbi mmoja, kwa madai kwamba huko ndiko kuwa na uhalisia. Mpinzani anaweza kukataa kuanguka, kujibu, kukuhadaa na kukuwekea mitego bila kukupiga kwa nguvu. Kinachohitajika ni uamuzi wake uwe huru, na uzito wa ngumi unaweza kubaki mdogo.

Kuhusu usingizi nitasema kwa ufupi. Matthew Walker na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba watu waliojifunza mfuatano wa kugonga vidole waliongeza kasi yao kwa takriban asilimia 20 baada ya kulala usiku, ilhali kukaa macho kwa muda kama huo hakukuwaongezea cha maana. Kwangu mimi hiyo ilitosha kuacha kipindi cha tatu cha usiku, kile nilichokuwa nikikifanya huku macho yananifunga.

Tangu tulipoanza kutembea mkekani imepita miezi kumi na minne. Mfagio wa kwanza uliofanikiwa katika randori ulikuja katika mwezi wa tatu wa zoezi hilo, na nakumbuka kwamba sikuhisi nimefagia. Mwenzangu alikuwa chini, na mkono wa vazi lake bado ulikuwa kiganjani mwangu. Sasa hutokea karibu kila wiki dhidi ya wanaoshika kwa mkono wa kulia kama mimi. Dhidi ya wanaoshika kwa kushoto daftari bado linaonyesha sifuri baada ya sifuri: mguu wao wa karibu uko mahali pengine, mikono yetu inazuiana, na zile dalili ninazozitegemea kwenye mkono wa vazi zinafika zimefifia. Mwenzangu amekubali kubadilisha mshiko wake kwa mwezi mzima. Kesho kutwa tunaanza tena kutembea, yeye akiongoza, mimi nikigusa tu.